Mwalimu Enoch Sontonga na Kwaya ya Watoto wa Shule



Mwaka 2024 askari wa Afrika Kusini na wa Tanzania walikuwa huku kwetu Kivu ya Kaskazini, na kambi ilikuwa hapa hapa Mubambiro. Wengine wetu tulijiuliza: mbona nyimbo za taifa za nchi hizo mbili zinaanza na sauti moja? Tulifikiri mmoja ameiba wa mwenzake. Kumbe zote zimetoka kwa mwalimu wa shule, tena aliutunga wimbo huo kwa ajili ya wanafunzi wake.

Huyo ni Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa, aliyezaliwa karibu mwaka 1873 kule Uitenhage, Afrika Kusini. Alisoma ualimu Lovedale, shule ya misheni ya Waskoti, halafu akatumwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wametodisti karibu na Johannesburg. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakazaa mtoto mmoja. Alikuwa pia mpiga picha, na alihubiri ingawa hakuwa mchungaji.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kwaya ya wanafunzi. Shule za misheni za wakati ule zilifundisha kwa solfa, zile herufi d, r, m ambazo wanakwaya wetu wanazijua. Mchungaji John Curwen wa Uingereza ndiye aliyeieneza njia hiyo, akifuata kazi ya mwalimu Sarah Glover, ili hata wasio na kinanda wasome wimbo. Ubao na chaki, basi. (Siye tulipokuwa primeri, saa ya nyimbo tuliihesabu kuwa saa ya kupumzika!) Sontonga alitunga nyimbo nyingi, akaziandika katika kaye, na watoto wakaziimba huku na huku, Johannesburg mpaka Natal. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio. Ulikuwa ombi la kuombea Afrika, wala hakuna aliyedhani ni wimbo wa taifa.

Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya watu wengi, mchungaji mmoja alipowekewa mikono. Sontonga mwenyewe hakuona zaidi. Alikufa tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka 32 hivi, na nyimbo zake zilikuwa bado katika kaye. Diana akabaki nayo, na inasimuliwa kwamba aliuza haki ya wimbo kwa peni sita tu.

Wimbo wenyewe ulitembea. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano uliozaa chama cha ANC. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikaimba Mungu Ibariki Afrika kwa sauti hiyo, Zambia ikafuata mwaka 1964. Tangu mwaka 1997 umo ndani ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini.

Na kaburi lake? Miaka mingi halikujulikana. Watu walitafuta jina Sontonga katika daftari la makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, wasilione, kwa sababu aliandikwa Enoch tu. Lilipopatikana, Rais Mandela alifungua mnara pale, tarehe 24 Septemba 1996, miaka 91 baada ya mwalimu kuzikwa.