Mwanakemia aliyeipanua pete ya benzini

Kama ulisoma kemia shuleni, lazima uliwahi kuchora benzini: pete ya kaboni sita, na vile vistari vya ndani, kimoja unaweka, kingine unaruka. Ukapewa alama zako, ukasahau. Sasa kuna jamaa aliitazama pete hiyo akataka kuipanua mara tatu.

Anaitwa Franz Sondheimer. Alizaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka wa 1926, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka wa 1937 wakawakimbia Wanazi, wakahamia Uingereza. Akasomea Imperial College, London, akapata udaktari wake 1948. Baadaye akaenda Harvard, kisha Mexico City katika kampuni ya Syntex, iliyokuwa ikitengeneza homoni kutokana na viazi vikuu vya mwituni. Eti viazi!

Lakini utamu wenyewe uko Rehovot, Israeli, alikofika 1956. Hebu nikueleze polepole. Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo nikielewa mimi, wewe huna kisingizio. Mjerumani Erich Hückel alikuwa amepiga hesabu mwaka wa 1931: pete ya namna hii hutulia ikiwa elektroni zinazoizunguka ni 2, 6, 10, 14, 18 na kuendelea. Benzini ina 6. Je, ya 18? Hakuna aliyewahi kuiona. Ilikuwa hesabu ya karatasini tu.

Sondheimer na wenzake wakachukua molekuli za kaboni sita sita, wakaziunga tatu tatu kwa msaada wa chumvi ya shaba. Si kazi rahisi, maana zinaungana zinavyotaka: nyingine nne, nyingine tano, na pete unayoitafuta ni kidogo mno. Ukishaichuja, unapanga upya vifungo vyake, halafu unaiongezea haidrojeni.

Wakaipata, fuwele za rangi ya kahawia iliyoingia wekundu. Ina haidrojeni 12 nje na 6 ndani. Walipoipima kwa mashine ya sumaku, za ndani zikajitokeza mbali kabisa na za nje, dalili kwamba elektroni zinaizunguka pete nzima. Pete ya 16, ambayo haimo kwenye ile orodha, ikaenda kinyume.

Mwaka wa 1963 alirudi Uingereza, akafundisha Cambridge, kisha University College London. Alifariki 1981, akiwa na miaka 54 tu. Hückel alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja. Kwa hivyo mzee alikuwa bado hai pete yake ya 18 ilipotoka karatasini ikaingia kwenye chupa.