Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Ushikaji Dini Usiozaa Chuki

Wako watu wadhanio kwamba kila mtu azidipo kushika dini yake, ndipo azidipo kuwachukia watu wa dini nyingine. Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, yaivunja dhana hiyo.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika nyumba ya ilimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alipata kufungwa Unguja na Sayyid Barghash kwa sababu ya mashindano ya Sunni na Ibadhi, akafunguliwa Sayyid alipokufa mwaka 1888. Baba huyo alifariki mwaka 1894, na mwana angali mdogo. Akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali, kisha akasoma kwa wanazuoni wakubwa wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir.

Zama zake wamishenari walikuwa wamekwisha kita mizizi. Frere Town, hapo Kisauni, ilianzishwa mwaka 1875. Skuli zao zilitoa makarani, na Waislamu wakabaki nyuma wakinung'unika. Sheikh hakunyamaza, wala hakuchochea fitina. Alishika kalamu: mwaka 1930 akatoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Aliwaonya wazazi wasiwatoe watoto wao kwenda kusomeshwa dini ya wengine. Walakini lawama kubwa aliwaelekezea Waislamu wenyewe: israfu za arusi na matanga, bidaa, na kuwanyima wasichana ilimu. Akawahimiza wajifunze kwa Wazungu bidii na maarifa, waache kuwaiga maovu. Palipokosekana skuli, alijenga: Madrasa ya Al-Ghazali ilifunguliwa mwaka 1933. Alikuwa Kadhi wa Mombasa tangu 1932, na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947.

Ndugu msomaji, zingatia. Mwenye kuijua dini yake huwa na kazi nyingi ya kuitengeneza nafsi yake na nyumba yake. Hamwogopi jirani, kwani ana hoja. Ama yule ambaye dini yake ni jina la kabila lake tu, hoja hana; hujaza pengo lile kwa ghadhabu, na mwenye kutaka kumtumia humpata kwa wepesi.

Nasi watu wa Bofu hatusemi ya mbali. Mwezi wa Machi 2014, hapa Likoni, watu waliokuwa kanisani wakiabudu walipigwa risasi, wakafa. Kitendo kile hakikuongeza Mwislamu mmoja wala sijda moja. Kilizidisha hofu baina ya majirani wapandao feri moja. Basi kila baba na ajiulize: mwanawe amefundishwa dini, au amefundishwa hasira? La kwanza lahitaji miaka ya chuoni; la pili, jioni moja barazani hutosha.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa, na nyoyo zilizotulia. Amin.