Tatu: mwalimu wa bunduki aliyetua Kibamba

Ukitoka Uvira kwa barabara ya kusini, unapita Makobola, unapita Swima na Mboko, unafika Baraka. Ukiendelea bado kusini kwa mtumbwi wa mota, kando ya milima inayoingia ndani ya maji, kuna kijiji kinaitwa Kibamba. Ng'ambo yake ni Kigoma. Pale, asubuhi ya tarehe 24 mwezi wa nne 1965, mtumbwi mmoja ulitua na watu 14 waliovuka usiku. Karibu wote walikuwa weusi kama siye, lakini hawakusikia Kiswahili hata kidogo. Walitoka Kuba. Juu ya siri walipewa majina ya hesabu: mkubwa wao aliitwa Moja, aliyemfuata Mbili. Wa tatu alikuwa mzungu mwenye miwani, ndevu amenyoa, anapumua kwa taabu. Walimtambulisha kama daktari na mtafsiri wa Kifaransa. Jina lake Tatu.

Huyo Tatu alikuwa Ernesto Guevara, yule watu wanamwita Che. Ndugu msomaji, unamjua hata kama hujasoma kitu juu yake. Ni yule wa kofia yenye nyota, picha yake iko kwenye tisheti sokoni na kwenye vioo vya magari. Maisha yake ni marefu kuhadithia yote. Hapa nataka kufuata upande moja tu: namna alivyojifunza kulenga bunduki, na namna alivyotaka kufundisha watu wa upande wetu.

Alizaliwa Rosario, kule Argentina, mwaka 1928. Tangu akiwa na miaka miwili pumu ilimshika na haikumwacha tena. Alisoma udaktari Buenos Aires, akamaliza 1953. Jeshi la nchi yake lilimkataa juu ya ile pumu. Kwa hiyo mtu ambaye dunia yote inamkumbuka na bunduki mkononi hakupita kwenye kambi ya serikali hata siku moja.

Aliingia katika vita kupitia Mexico. Mwaka 1955 alikutana kule na Fidel Castro, mukimbizi wa Kuba aliyekuwa anakusanya watu arudi kupindua serikali ya Batista. Castro alitafuta mwalimu: mzee Alberto Bayo, ofisa aliyepigana vita ya Hispania, mwenye jicho moja. Mwaka 1956 vijana walianza kupelekwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha unaoitwa Los Gamitos, nje ya mji wa Mexico, na kisha kwenye shamba moja kule Chalco. Alama za kila mwanafunzi zilikuwa zinaandikwa kama za primeri. Kwenye karatasi ya Guevara iliandikwa kwamba alifuata masomo 20 ya kulenga, kwamba analenga vizuri sana, na kwamba alikwisha kupiga masasi karibu 650. Adhabu alipata pia, juu ya makosa madogo na juu ya kuchekacheka.

Shika ile hesabu, 650, tutairudilia.

Mambo ya Kuba nitayapita haraka. Mwisho wa mwaka 1956 watu 82 walipanda mashua Granma, wengi wao wakafa, wakakamatwa ao wakatawanyika siku za kwanza, waliobaki wakaingia mlimani. Guevara alikwenda kama daktari, akatoka kama komanda. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1959 walikuwa wameshinda. Akawa mkubwa wa benki ya taifa, kisha waziri wa viwanda. Lakini ofisi haikumtosha.

Kwetu wakati ile moto ulikuwa unawaka. Mwezi wa tano 1964 waasi walikamata Uvira, na Fizi na Baraka zikafuata. Ndio ile vita wazee wetu wanaita ya Simba, ao ya Mulele, ingawa Mulele mwenyewe alikuwa mbali kule Kwilu. Upande huu wakubwa walikuwa Gaston Soumialot na kijana wa miaka 25, Laurent-Désiré Kabila. Mwezi wa pili 1965 Guevara alikutana na wapigania uhuru wa nchi mbalimbali Dar es Salaam, na Kabila pia alimwona pale. Karibu kila kundi lilimuomba kitu kimoja: tuchukulie vijana wetu, wakafunzwe vita Kuba. Yeye akakataa. Alisema mtu wa vita anafunzwa palepale vita iko. Mwalimu ndiye avuke, si mwanafunzi. Aliona mwenyewe kwamba neno hilo halikuwafurahisha. Safari ya ng'ambo ilikuwa na utamu wake, na tusidanganyane, mpaka leo iko nao.

Basi miezi miwili kisha pale, mwalimu akavuka.

Alichokuta Kibamba kilimshangaza. Silaha zilikuwepo, tena nyingi. Zilitoka Urusi na China, zikashuka Dar, zikapanda treni mpaka Kigoma, zikavuka ziwa. Lakini zilikuwa zinatupwa kwenye mchanga pamoja na chakula, chuma hii ya mzinga huku, ingine haionekani. Kwenye kituo cha matunzo, wenye majeraha ya risasi hawakutoka wote kwenye mapigano. Wengi walijipiga ao walipigana wenyewe, pombe imewashika.

Na kulenga? Wengi hawakufundishwa. Mtu alipewa bunduki ya mfululizo, akaonyeshwa pa kuvuta, basi. Tatu aliandika kwamba wengi walifunga macho, wakashikilia kidole mpaka masasi yanaisha. Mimi hilo siwacheki. Kila mtu wa mara ya kwanza anafanya vile. Anaogopa mulio na lile teke la bega, kwa hiyo mwili unajikaza na macho yanajifunga mbele ya risasi kutoka. Mdomo wa bunduki unapanda, na risasi inaenda kupasua majani juu ya miti. Yule wa ng'ambo anacheka.

Kupona ugonjwa huo kunaomba muda. Mwanafunzi analala chini, tako la bunduki linashikamana na bega, shavu juu ya mti wake. Anaangalia ncha ya mbele ikae katikati ya tundu la nyuma, na alama kule mbali ikae juu ya ile ncha. Anapumua, anaacha pumzi itoke nusu, anavuta polepole sana, mpaka mulio umshtue yeye mwenyewe. Risasi moja. Kisha wanaenda kuangalia karatasi pamoja, tobo liko wapi. Kisha ingine. Mwalimu mzuri mara ingine anampa bunduki tupu bila kumwambia, ili aone mwenyewe namna anavyoruka. Guevara alipata masomo 20 na masasi 650 kufika pale. Wapiganaji wengi wa Fizi hawakupata hata somo moja.

Walikuwa na kitu kingine, ile dawa. Muganga anakupaka maji ya majani, na risasi inageuka maji, ukichunga masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usiogope. Watu wa huku hatuhitaji kuelezewa. Tatu alihofia kitu kimoja: wakifa wengi, kosa litasemekana ni la aliyevunja sharti, na hakuna atakayeuliza kama alijua kulenga. Mashimo ya kujikingia nayo walikataa kuchimba, juu shimo ni la maiti. Mizigo pia walikataa, wakasema wao si motokari.

Tatu aliomba aanze kazi: kambi ya mafunzo, vikundi vidogo, wiki kadhaa, kisha watoke kujaribu vita kidogo na mwalimu wao. Jibu lilikuwa kungoja mukubwa. Walipanda kwenye kambi ya juu mlimani, Luluabourg, wakangoja. Homa iliwashika mmoja mmoja, yeye mwenyewe pia. Leonard Mitoudidi, mukubwa mmoja aliyeonekana kusikia neno hili, alizama ziwani tarehe 7 mwezi wa sita. Kabila alifika mwezi wa saba, akakaa siku chache, akavuka tena Kigoma.

Kabla ya hapo ilikuja amri ya kushambulia Bendera, pale pa mtambo wa umeme, njia ya Kalemie. Tatu alisema hawako tayari. Walienda tu, na yeye hakuruhusiwa kwenda, aliyeongoza alikuwa Moja. Tarehe 29 mwezi wa sita Wakuba, Wakongomani na wakimbizi wa Rwanda walikutana na ngome iliyojipanga. Wengi walikimbia hata hawajafyatua, waliobaki walipiga hewani. Wakuba 4 walikufa, na karatasi walizobeba zikaonyesha wazi wametoka wapi.

Kisha pale mafunzo yalijaribiwa huku na kule, lakini wakati ulikuwa umekwisha. Mwezi wa tisa mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa maji, Fizi ikaanguka mwezi uliofuata, na Tanzania ikaomba Wakuba waondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 21 mwezi wa kumi na moja mitumbwi ilijaa mpaka ukingo. Wapiganaji wengi wa hapa walibaki kwenye mchanga wakiomba kupanda, na nafasi hakukuwa. Siku tatu kisha, Mobutu alichukua nchi.

Guevara alikaa Dar es Salaam akiandika yote, na maneno yake ya kwanza ni kwamba hii ni hadithi ya kushindwa. Alijilaumu pia: hasira nyingi, Kiswahili kidogo, kukaa sana kambini. Waliokuja na kuondoka huku kwetu ni wengi. Walioandika kwamba walishindwa, mimi sijui wengine.

Alikufa Bolivia. Tarehe 8 mwezi wa kumi 1967, kwenye bonde moja, risasi ilipiga mdomo wa bunduki yake ikaharibika, ingine ikamuumiza mguu. Walimkamata, kesho yake wakamuua katika shule ya kijiji La Higuera. Alikuwa na miaka 39. Mifupa yake ilipatikana 1997, ikarudishwa Kuba.

Kuna mmoja bado. Kule mlimani Fizi, kijana mdogo anaitwa Freddy Ilanga alipewa kazi ya kufundisha Tatu Kiswahili, na mwanzoni hakujua huyo mzungu ni nani. Wakuba walipoondoka, njia yake pia ilimpeleka Kuba. Alisoma kule, akawa daktari wa kupasua ubongo, akatibu watoto miaka mingi. Alikufa 2005, kulekule Kuba.