Al-Khalil bin Ahmad na Hesabu ya Maneno

Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi alizaliwa karibu na mwaka 100 wa Hijra, yaani 718, katika kabila la Azd, watu wa Oman, na elimu yake aliipata Basra. Washairi wetu wasemapo bahari za mashairi, watumia neno la elimu aliyoiasisi yeye. Na alama za irabu wazisomazo watoto wetu vyuoni zatokana na kazi yake.

Bwana huyu aliishi maisha ya ufakiri. Yasimuliwa kwamba liwali wa Ahwaz alimpelekea mjumbe kumwita. Al-Khalil akamwonyesha mjumbe mkate mkavu, akamfahamisha ya kuwa maadamu anaupata huo, hana haja na liwali.

Kitabu chake kikubwa ni al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Hakutosheka kukusanya aliyoyasikia tu, bali alianza na hesabu. Chukua herufi tatu: k, t na b. Mahali pa kwanza paweza kukaa yoyote katika hizo tatu. Pa pili, moja katika mbili zilizosalia. Pa tatu, iliyobaki. Tatu mara mbili mara moja ni 6. Herufi nne zatoa 24, na tano 120. Alipokwisha kuyapanga yote, ndipo alipoyatenga yatumiwayo na Waarabu na yaliyoachwa, neno lisipate pa kujificha.

Ndugu msomaji, lau herufi ingeruhusiwa kurudi, chaguo la kwanza lisingezuia la pili, na njia zingekuwa 3 mara 3 mara 3, yaani 27. Na sarafu ni vivyo hivyo: mrusho wa pili haujui la kwanza. Ukiirusha mara tatu, matokeo yawezekanayo ni 2 mara 2 mara 2, yaani 8. Ajumlishaye mahali pa kuzidisha atapata 6, naye atakuwa amekosea.

Al-Khalil alifariki Basra baina ya 786 na 791. Yasimuliwa kwamba alikuwa akitafuta njia nyepesi ya hesabu, ili hata kijakazi aendapo dukani asidhulumiwe na muuzaji. Akaingia msikitini hali amezama katika fikira, akajigonga kwenye nguzo, na hilo likawa sababu ya mauti yake.

Wako wasemao kuwa hesabu ni elimu ya dunia tu. Na watazame mwanachuoni huyu aliyekufa akiwaza haki ya kijakazi, kisha wawafundishe watoto wao, wa kike kwa wa kiume. Mwenyezi Mungu amrehemu.