Kabla ya kuitwa Che: Mwanafunzi wa udaktari aliyewapa mkono wagonjwa wa ukoma

Picha yake unaiona mpaka leo kwenye fulana, kwenye daladala na kwenye bodaboda: ndevu, nywele ndefu, kofia yenye nyota. Wengi wanamjua kama mpiganaji wa Cuba. Lakini mwaka 1952 Ernesto Guevara hakuwa na bunduki. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari kutoka Argentina, mwenye pumu na asiye na hela, aliyefika kwenye msitu wa Amazon nchini Peru kujitolea katika kambi ya wagonjwa wa ukoma.

Alikaa huko karibu wiki mbili tu.

Mtoto wa pumu

Guevara alizaliwa Juni 1928 mjini Rosario. Pumu ilianza kumbana akiwa bado mdogo sana, hadi wazazi wake wakahamia Alta Gracia kutafuta hewa kavu. Alipokua akaingia Chuo Kikuu cha Buenos Aires kusomea udaktari.

Rafiki yake Alberto Granado, aliyemzidi miaka 6, alikuwa mtaalamu wa biokemia na tayari alishafanya kazi kwenye hospitali ya ukoma. Wawili hao wakapanga kuzunguka Amerika Kusini na kujitolea kwenye hospitali za aina hiyo njiani. Mwanzoni mwa 1952 wakaondoka na pikipiki kuukuu aina ya Norton.

Pikipiki ilikufa Chile. Kuanzia hapo ikawa ni kutembea, kudandia malori na kuomba chakula. Hata melini walipanda kwa kujificha.

Dawa isiyotosha

Mjini Valparaíso, Guevara aliitwa kumwangalia bibi mmoja mwenye pumu na ugonjwa wa moyo. Yule bibi alikuwa amefanya kazi hadi mwili ukakataa, na sasa alionekana mzigo kwa ndugu zake. Mwanafunzi alimpa vidonge vichache alivyokuwa navyo. Alijua havitabadilisha kitu, maana shida kubwa ya yule mama ilikuwa umaskini.

Karibu na mgodi wa shaba wa Chuquicamata wakakutana na mtu na mkewe wakitafuta kazi. Mume alikuwa ametoka jela kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti. Usiku ulikuwa wa baridi kali na wale wawili hawakuwa hata na blanketi. Vijana wakawapa moja la kwao.

Ndani ya San Pablo

Walipofika Lima, Peru, walipokelewa na Dk Hugo Pesce, bingwa wa ukoma aliyeheshimika sana. Aliwapatia mahali pa kulala na chakula, kisha akawafanyia mpango wa kwenda kambi ya San Pablo, kando ya mto Amazon. Kwa hiyo hawakuvamia. Walikwenda wakijulikana, kwa watu waliokuwa wakiwasubiri.

San Pablo ilikuwa na wagonjwa wapatao 600. Waliishi kwenye nyumba za kienyeji, na kila mmoja alijishughulisha kwa namna yake, lakini mbali kabisa na dunia nyingine. Wafanyakazi wenye afya walikuwa na eneo lao. Dawa za kutibu ukoma zilikuwa zimeshapatikana tangu miaka ya 1940, na wataalamu walijua kwamba ugonjwa huo hauambukizi kirahisi. Hofu ya watu ndiyo ilikuwa haijapona.

Guevara na Granado waliingia kwa wagonjwa bila glovu. Wakawapa mikono, wakaketi nao kupiga stori, wakacheza nao mpira. Asubuhi waliwaona wagonjwa pamoja na madaktari wa pale.

Juni 14 Guevara alitimiza miaka 24. Wafanyakazi wakamfanyia sherehe, naye akasimama kushukuru. Katika maneno yake alisema anaamini watu wa Amerika ya Kilatini ni taifa moja lililogawanywa na mipaka isiyo ya kweli.

Kabla ya kuondoka, wagonjwa walikuja usiku kwa mashua kuwaimbia. Mpiga kodiani hakuwa na vidole mkono wa kulia, akafunga vijiti kwenye kiwiko cha mkono ili aweze kubonyeza. Mwimbaji alikuwa kipofu. Kisha vijana wakapewa chelezo kilichotengenezwa kwa ajili yao, wakateremka nacho mtoni.

Je, waliponya mtu? Hapana. Guevara mwenyewe aliwaandikia nyumbani kwamba shukrani za wagonjwa wa ukoma kule Lima zilitokana na jambo dogo: kuwachukulia wagonjwa kama watu wa kawaida.

Kutoka sindano hadi bunduki

Alirudi nyumbani, akamaliza udaktari 1953, akaondoka tena. Mwaka 1954 alikuwa Guatemala serikali ya Jacobo Árbenz ilipopinduliwa kwa msaada wa Marekani. Mwaka uliofuata, akiwa Mexico, akakutana na Fidel Castro.

Alipanda boti ya Granma kwenda Cuba mwaka 1956 kama daktari wa kikosi. Katika shambulio la kwanza ilibidi achague: kubeba sanduku la dawa au la risasi. Alibeba la risasi.

Mapinduzi yalishinda Januari 1959. Guevara akasimamia ngome ya La Cabaña, ambako watu wa utawala wa zamani walihukumiwa na kupigwa risasi. Hadi leo jambo hilo linawagawa watu: kwa wengine ni shujaa, kwa wengine ni mtu mwenye damu mikononi.

Tatu wa Kongo

Aprili 1965 alifika Dar es Salaam kwa siri, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Huko alipewa jina la Kiswahili, Tatu, na akajifunza lugha kutoka kwa kijana wa Kikongo. Alitibu wapiganaji na wanakijiji.

Ila safari hii wenyeji wake hawakuwa wameambiwa kwamba ni yeye anayekuja. Viongozi wa waasi, akiwemo Laurent Kabila, muda mwingi hawakuwepo uwanja wa vita. Novemba akaondoka. Aliporudi Dar es Salaam alijifungia ubalozi wa Cuba akaandika yaliyotokea, na hakuficha kwamba ameshindwa.

Oktoba 9, 1967, aliuawa nchini Bolivia akiwa na miaka 39, siku moja baada ya kukamatwa.

Granado yeye alibaki na kazi ya maabara. Alifanya kazi na wagonjwa wa ukoma Venezuela, kisha 1961 akahamia Cuba kwa mwaliko wa rafiki yake, akafundisha na kusaidia kuanzisha shule ya udaktari mjini Santiago. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 88, akiacha madaktari wengi waliopita mikononi mwake.