Marehemu Michael Grzimek na Ndege Yake ya Milia



Wale mliohudhuria mkutano wetu wa mwaka jana kule Madale mtaukumbuka ubishi uliozuka baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumekaa chini ya miembe nyumbani kwa mwenyeji wetu, sahani zimekwisha kuondolewa, Katibu anajiandaa kusoma taarifa ya fedha, mara ndege ndogo ya injini moja ikapita juu yetu ikielekea kaskazini. Mwenzetu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado ananidai, akasema kwamba ndege ya mtu binafsi ni anasa tupu, kichezeo cha matajiri wasiojua la kufanya na fedha zao. Wengi mkamwunga mkono. Mimi niliyeshika spana chini ya mabawa ya ndege za namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30 nilitaka kujibu, lakini Katibu akagonga meza, na mjadala ukaishia hapo.

Mhariri ameniomba niandike nilichotaka kusema. Nimeona ni bora nijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia tukiwa shuleni, na ambaye kaburi lake wengi mmelipita mkiwa safarini kwenda Serengeti. Huyo ni marehemu Michael Grzimek.

Michael alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo, na tangu mwaka 1945 alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Kijana akakulia katikati ya wanyama, na mapema sana akapenda kuwapiga picha na filamu. Baba na mwana walisafiri pamoja mpaka Kongo, ambayo wakati ule ilitawaliwa na Wabelgiji, na katika safari hizo ikapatikana filamu iliyoeleza jinsi wanyama wa porini wanavyokosa mahali pa kuishi. Filamu hiyo ilipata tuzo katika Tamasha la Filamu la Berlin mwaka 1956 na ikaingiza fedha nyingi. Michael alikuwa na umri wa miaka 22.

Hapo ndipo hadithi yetu inapoanzia, maana kijana wa miaka 22 mwenye fedha ana njia nyingi za kuzitumia. Wao walizileta Tanganyika. Walitaka kununua ardhi ili iongezwe kwenye Hifadhi ya Serengeti, iliyokuwa imetangazwa mwaka 1951. Mkurugenzi wa hifadhi za taifa wa wakati huo, Peter Molloy, akawashauri jambo jingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa katika mpango wa kubadili mipaka ya hifadhi, na sehemu kubwa ya mashariki, pamoja na Ngorongoro, ingetolewa nje. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi, wala makundi makubwa yanakwenda wapi mvua zinapokwisha. Mpaka ulikuwa unachorwa kwa kukisia. Molloy akaona kuwa fedha zile zingefaa zaidi zikitumika kutafuta majibu ya maswali hayo.

Sasa nawauliza ninyi mliosoma hesabu pamoja nami: mtawahesabuje nyumbu katika mbuga yenye maelfu ya kilometa za mraba, na wenyewe hawatulii mahali pamoja hata wiki moja? Kwa miguu haiwezekani. Kwa gari, ukifika upande wa pili, uliowahesabu jana wamekwisha kuhama. Njia ni moja tu, nayo ni kupanda juu.

Basi wakajifunza urubani, baba akiwa tayari mtu mzima wa karibu miaka 50, wakanunua ndege. Walichagua Dornier Do 27, na hapo kama fundi nawavulia kofia. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwa wingi Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Ina injini moja ya Lycoming yenye nguvu farasi kama 270. Mabawa yake yako juu ya chumba cha abiria, hivyo aliye ndani anaona ardhi bila kuzuiwa na kitu. Magurudumu hayakunjwi, yanabaki nje siku zote, nayo ni imara. Inaweza kwenda polepole sana bila kuanguka, na inahitaji kiwanja kifupi tu cha kurukia na kutulia. Kwa kazi ya porini usingepata iliyo bora zaidi. Herufi zake za usajili zilikuwa D-ENTE, na kwa Kijerumani neno Ente maana yake ni bata. Juu ya bata huyo wakapaka milia myeusi na myeupe kama ya pundamilia. Desemba 1957 wakairusha wenyewe kutoka Ujerumani mpaka Afrika Mashariki, wakafanya makao yao Banagi, ndani ya Serengeti. Michael alikuwa na miaka 23.

Wengi hudhani kwamba mwenye ndege hukaa tu akiruka. Mwenye ndege ni mtumwa wa ndege yake. Asubuhi, kabla jua halijapanda, huizunguka kwa miguu na kuigusa kila mahali: pangaboi lisiwe na ufa wala kigugumizi cha jiwe, bawa lisiwe limebonyea, vibawa vya nyuma ya mabawa vipande na kushuka bila kukwama. Hukinga petroli kidogo kutoka chini ya tangi akaitazama kwenye mwanga, maana maji hukaa chini ya petroli, na tone dogo la maji likifika kwenye injini wakati wa kuruka hutoa uhai wa mtu. Porini mafuta hutoka kwenye mapipa, na lazima yachujwe kabla ya kumiminwa. Oili hubadilishwa kwa kufuata saa za kuruka. Kila baada ya saa 100 ndege hufunguliwa na kukaguliwa, na kila kilichofanyika huandikwa katika daftari lake. Vumbi la mbuga hula injini. Usiku ndege hufungwa kwa kamba na vigingi isipinduliwe na upepo, na marubani wa porini huzungushia magurudumu miiba, kwani fisi hutafuna mipira kama mtoto anavyotafuna muwa. Zaidi ya hayo Serengeti iko juu, kiasi cha meta 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na adhuhuri jua linapowaka injini hupungua nguvu na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi ili inyanyuke. Asiyeijua hesabu hiyo humaliza kiwanja akiwa bado ardhini.

Januari 1958 wakaanza kuhesabu. Waliigawa mbuga vipande vipande, wakaipita kwa mistari iliyonyooka, huku na huko, kama mkulima anavyopalilia matuta. Rubani alishika mwelekeo na kimo, wenzake wakatazama nje na kuhesabu. Ni kazi ya kuchosha macho na kutibua tumbo. Walipomaliza walikuwa wamepata wanyama wakubwa zaidi ya 366,000, wakiwemo nyumbu karibu 99,000. Hesabu hiyo iliwashtua watu, maana makisio ya awali yalikuwa makubwa zaidi. Kisha wakawavalisha baadhi ya wanyama kola za rangi, wakawafuatilia kutoka angani mwezi baada ya mwezi, na wakachunguza majani ya malisho. Walichokiona ni kwamba makundi makubwa, wakati wa mvua, yalikuwa yakilisha nje ya mipaka ile iliyopangwa.

Kabla yao walikuwapo marubani wengine mashuhuri katika Afrika Mashariki. Denys Finch Hatton alikuwa na ndege yake Kenya, akafa nayo Voi mwaka 1931. Beryl Markham aliwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Hao walikuwa mahodari, siwapunguzii sifa. Ila nyakati zile ndege ilitumika kumtafuta mnyama ili auawe. Michael na baba yake waliitumia ili mnyama ahesabiwe na kuachwa. Chombo ni kile kile. Kinachotofautiana ni nia ya aliyekishika.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Tumbusi aligonga bawa la kulia la ndege. Bawa likabonyea, waya za usukani zikakwama, ndege ikaelemea upande na kwenda kujipigiza ardhini. Alikufa pale pale, akiwa na miaka 24. Alimwacha mke na mtoto mdogo, na mtoto mwingine alizaliwa baada ya baba yake kufariki. Wenzangu, kumbukeni sisi tukiwa na miaka 24 tulikuwa wapi. Wengi tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka Jeshi la Kujenga Taifa, tunaazimana suruali.

Kila ninapoifikiria ajali hiyo, mikono yangu hukumbuka jambo moja. Nikiwa fundi mdogo nilikagua ndege iliyokuwa imeegeshwa wiki mbili. Rubani alikuwa ameshika saa mkononi, abiria wanangoja kivulini. Nikafungua kifuniko cha mkiani nikakuta kiota cha ndege, nyasi tele, zimeanza kujisokota kwenye waya za usukani. Mkubwa wangu alikwisha kuniambia niache, tutafungua jioni. Sikuacha. Nilitukanwa siku ile, na abiria walichelewa kwa saa nzima. Sikusema kitu, nikaweka zile nyasi kwenye ndoo nikamwonyesha rubani. Naye hakusema kitu. Najua basi waya ya usukani ikikwama maana yake ni nini. Kiota fundi anaweza kukiondoa. Tumbusi aliye angani hakuna fundi wa kumwondoa. Marehemu hakufa kwa uzembe, alikufa kwa kuwa kazi yake ilimtaka aruke chini, mahali ambapo tumbusi pia wana kazi yao.

Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, chini ya mnara wa mawe. Baba yake akaimalizia filamu peke yake. Ilitoka mwaka huo huo wa 1959 ikiwa na jina la kudai kwamba Serengeti isife, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Huko Banagi ikajengwa maabara kwa ukumbusho wa Michael, ambayo ilikuja kuwa chanzo cha Taasisi ya Utafiti ya Serengeti mwaka 1966. Bernhard alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kuzikwa kando ya mwanawe.

Nisiwe msifia maiti tu. Mipaka ilibadilishwa mwaka 1959 kama ilivyokusudiwa. Ngorongoro ikatengwa, eneo la kaskazini likaongezwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakatakiwa kuhamia Ngorongoro. Akina Grzimek waliamini kwamba ng'ombe na wanyama pori hawawezi kukaa pamoja. Katika hilo waliwatazama watu kutoka juu mno. Walihesabu nyumbu kwa uangalifu, lakini hawakumpa uzito wa kutosha mfugaji ambaye wazee wake waliishi na nyumbu hao bila kuwamaliza. Suala hilo halijaisha, kama tulivyoona tangu mwaka 2022 familia zilipoanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Hesabu ya angani ni kweli, lakini si kweli yote.

Hata idadi yenyewe wenzao waliofuata waliirekebisha. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa zaidi ya 260,000, kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka ndege, maana picha haichoki kama jicho. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu wakaongezeka, na kufikia mwaka 1977 walikaribia milioni 1.4. Siku hizi hutajwa kuwa kama milioni 1.3. Wanaorekebisha hesabu ya mtu wanamheshimu, kwa sababu kabla yake hapakuwa na cha kurekebisha. Na mpaka leo wanyama wa Serengeti huhesabiwa kwa ndege ndogo.

Mimi nilisimama kwenye kaburi lile mwaka 1983, nikiwa nimefuata ndege iliyoharibika huko kaskazini. Ukungu ulikuwa umefunika kreta yote, sikuona hata mnyama mmoja. Nilikuwa na mafuta mikononi, nikaona haya kuyagusa mawe. Nikasimama tu kidogo, kisha nikarudi kwenye gari.

Sasa namjibu mwenzangu wa Madale. Umesema kweli kwamba ndege ndogo ni ghali na kwamba wengi huitumia kwa anasa. Lakini nyumba nayo ni ghali, na gari, na hata elimu tuliyoipata sisi kwa jasho la wakulima waliolipa kodi. Swali ni ulichokitumia umekifanyia nini. Kijana yule alipata fedha mapema, akazigeuza kuwa ndege, akaigeuza ndege kuwa jicho, na jicho lile likaliachia taifa ambalo hata halikuwa lake, na lililokuwa halijapata uhuru, daftari lake la kwanza la mali iliyo Serengeti. Ikiwa hiyo ni anasa, basi nawaombea wanetu waipate.

Tukutane tena salama kwenye mkutano ujao. Na lile deni nitalipa.