John Browning, fundi wa bastola aliyefia kazini Ubelgiji

John Moses Browning, Mmarekani aliyebuni bastola na bunduki nyingi za karne ya 20, alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 26 Novemba 1926. Alikuwa kazini katika kiwanda cha FN huko Herstal, karibu na mji wa Liège, Ubelgiji.

Alizaliwa mwaka wa 1855 mjini Ogden, Utah. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki, na mtoto alijifunza kazi kwa kushika tupa na kukwangua chuma mpaka vipande vikaingiana. Mwaka wa 1879 alipata hati ya uvumbuzi wa bunduki yake ya kwanza. Miaka minne baadaye kampuni ya Winchester iliinunua kwa dola 8.000.

Ushirikiano huo ulivunjika mwaka wa 1902. Browning alitaka alipwe kwa kila bunduki mpya itakayouzwa, Winchester ilikataa. Alivuka bahari na kuipeleka kwa FN, iliyokuwa tayari ikitengeneza bastola zake.

Machi 1911, jeshi la Marekani liliijaribu bastola yake kwa kufyatua risasi 6.000. Haikukwama hata mara moja. Ilikuwa na kizuizi nyuma ya mshiko: mkono usipoishika sawasawa, risasi haitoki.

Lakini hakuna kizuizi kinachojua nia ya mtu. Tarehe 28 Juni 1914, kule Sarajevo, Gavrilo Princip alimuua mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, kwa bastola ya Browning iliyotoka Herstal. Vita vilivyofuata vilifika hata Afrika: Septemba 1916, askari Wakongo wa Force Publique waliingia Tabora.

Bastola yake ya mwisho aliiacha bila kumalizika. Dieudonné Saive, fundi wa FN, aliikamilisha, nayo ikatoka mwaka wa 1935. Kwa kufuata matakwa ya jeshi la Ufaransa, iliwekewa kipande kinachoizuia kufyatua magazini ikiwa imetolewa. Kipande hicho husugua uso wa magazini, na kwa hiyo kifyatulio kinakuwa kizito.

Tangu hapo, wenye bastola hiyo wengi wamejaribu kukilainisha wenyewe nyumbani. Wengine hung'arisha sehemu zinazosuguana, wengine huondoa kipande chote. Anayekiondoa anapoteza ulinzi: risasi iliyosahauliwa ndani ya mtutu inaweza kutoka ingawa magazini iko mezani.

Hatari kubwa zaidi iko ndani, pale jino dogo la chuma linapoizuia nyundo. Makwaruzo yakiondolewa vizuri, kifyatulio kinavutika bila kukwama. Lakini chuma kikiliwa kupita kiasi, au pembe ya jino ikibadilika kidogo tu, nyundo inaweza kuanguka yenyewe bila kidole kugusa. Chuma kilichokwisha kukwanguliwa hakirudi. Kipande kinapaswa kubadilishwa, na fundi aliyefundishwa ndiye wa kuifanya kazi hiyo.

Browning alizikwa Ogden, mji aliozaliwa. Aliacha hati 128 za uvumbuzi, na bastola yake ya mwisho ikatumiwa na majeshi ya nchi nyingi.